Kiuno cha Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza katika kazi hii sikushika sindano. Sista Msimamizi wa shule ya ushonaji pale Funyula alinipa kipande cha chaki, akanielekeza ubaoni, akasema, "Chora mwanamke." Nikachora. Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wandera, huu ni mtungi."

"Ndiyo, Sista," nikajibu kwa adabu. "Ni mama yangu."

Darasa zima lilikuwa la wasichana, na wote walicheka mpaka mmoja akashuka chini ya meza. Kijana akichekwa hivyo, ama hukimbia asirudi, ama hukaa kwa ubishi. Mimi nilikaa kwa ubishi, na ubishi huo ndio uliosomesha watoto wangu.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoshona leo, mnaofunguliwa simu na mteja na kuambiwa, "Fundi, nataka kama hii." Mnatazama picha, mnakata. Sisi hatukuanza hivyo. Ukuta wa nyuma wa darasa la Sista ulikuwa na wanawake watano waliokatwa kwa karatasi nyeusi, hawana macho wala midomo. Alitufundisha kwamba nguo, kabla ya kuwa na rangi au vifungo, ina umbo, yaani ule mstari wa nje anaouona mtu aliye mbali. Wale watano walikuwa maumbo ya magauni ya Ulaya katika karne ya kumi na tisa, toka mwanzo hadi mwisho, na ilikuwa lazima tuyajue kama Baba Yetu.

Wa kwanza alifungwa mkanda chini ya kifua, na kutoka hapo gauni likashuka moja kwa moja. Sisi tulimwita Mjamzito. Wa pili kiuno kilikuwa kimerudi mahali pake, lakini mikono ilikuwa imefura mpaka hakupita mlangoni ila kwa ubavu. Wa tatu ndiye alikuwa kipenzi cha wasichana: sketi ya duara kubwa, imeshikiliwa ndani na pete za chuma zilizoning'inizwa kwa tepe, ndogo juu na kubwa chini. Hiyo fremu huitwa krinolini. Wa nne, mbele palilala bapa, na kitambaa chote kikahamia nyuma, kikaketi juu ya kinundu cha mto mdogo. Wa tano kinundu kilikuwa kimeondoka, sketi ikawa kengele, mikono ikafura tena begani, na kiuno kikakazwa kwa kamba mpaka ukajiuliza chakula kilipita wapi.

"Mwili wa mwanamke haukubadilika miaka mia yote hiyo," Sista alituambia. "Kilichobadilika ni mahali pa kuweka kitambaa."

Na amri yake kuu, aliyoisema kila asubuhi kabla ya sala, ilikuwa hii: "Usiamini macho. Amini futi." Futi yetu ni ile kamba ya kupimia. Niliishika amri hiyo kwa moyo wote, na mtaona ilivyonitia matatani.

Kutoka Funyula nilikwenda Malaba, kwa Bosi Mwenye Karakana, Mganda mmoja mnene aliyeshona magomesi ya kuuza pande zote mbili za mpaka. Anayesoma haya na hajui gomesi, ni lile vazi la akina mama lenye mabega yaliyochongoka na mkanda mpana wa kung'aa, ambalo ndani yake hufungwa shuka nzito ili nyonga zijae. Siku nilipolifunua la kwanza nikawaona wanawake wawili wa ukutani kwa Sista wamekutana katika nguo moja: mabega ya yule wa tano, na ule ujanja wa wa nne wa kutia kitu ndani ili umbo litoke nje. Nikakimbia kumwambia Bosi.

"Ssebo," alisema bila kuinua kichwa, "hao Bazungu walikopa kwa jjajja yangu. We kata kitambaa. Mangu!"

Kwa Kiganda jjajja ni nyanya na mangu ni haraka, na kule Malaba sikusikia neno lingine ila hilo la mangu. Wateja walikuwa wafanyabiashara wanaovuka. Ulimpima mama huku mguu wake mmoja uko Uganda. Lakini nilijifunza jambo kubwa kwa Bosi. Mabibi harusi wa upande wa Tororo walipoanza kutaka gauni la duara, na pete za chuma hatukuwa nazo, tulichukua ile mikanda migumu ya plastiki inayofunga katoni kwenye malori. Utingo wa malori walikuwa wakiitupa. Ukiishona ndani ya bitana, pete zinakaa vizuri na bibi harusi hapati kutu. Wengi waliingia kanisani wakiwa wamezungukwa kiunoni kwenda chini na maandishi ya kampuni za sabuni, na hakuna aliyejua.

Kituo changu cha tatu na cha mwisho kilikuwa Busia, katika duka la magauni ya harusi karibu na maegesho ya malori. Aliyenipokea ni Madam Meneja, mtu wa Voi, Kiswahili chake safi, subira yake fupi. Wasichana wawili walipiga pasi na kushona vifungo. Fundi wa kukata nilikuwa mimi pekee. Alinipa kanuni moja tu: "Nguo isiyopimwa dukani mwangu haikatwi dukani mwangu." Nikaona huyu na Sista ni ndugu. Nilifanya kazi kwake kwa amani kubwa hadi asubuhi aliyoingia mama mkwe wangu.

Ngoja niwaeleze, maana hata watoto wangu mwenyewe wa siku hizi wanaona haya mambo ni mchezo. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi meza moja, na wakikutana njiani mmoja lazima apate kichaka. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima ile ni pana kama mto Nzoia ukifurika. Nilikuwa nimemwoa binti yake Ajiambo miaka mingi, tuna watoto, na mama yule nilimjua kama leso inayotoweka nyuma ya jikoni kila nikiingia boma lao la Budalang'i. Ukiniuliza ni mrefu au mfupi, ningelazimika kumuuliza mke wangu.

Basi nilikuwa nakata meza ya mbele nikasikia sauti ninayoijua ikisema, "Hodi hapa." Sikufikiri. Nilijikuta chini ya meza nikiwa na mkasi mkononi.

"Fundi," Madam akaita, "umeona nyoka?"

"Mkwe, Madam," nikanong'ona.

"Nani?"

"Mama ya mke wangu. Usiseme niko."

Madam hakusema niko. Alisema, "Samahani, mama, fundi wangu ameingia chini ya meza." Nikasikia viatu vikirudi nyuma kwa kasi mpaka mlangoni, na kutoka huko mlangoni, akiwa ametazama barabara na malori yake, mama mkwe akaeleza shida yake kwa sauti ya mtu anayeuza samaki. Binti yake wa mwisho, Nabwire, alikuwa anaolewa. Yeye kama mama wa bibi harusi alitaka gauni la duara, kama lile lililovishwa sanamu dirishani.

"Chukua hilo hilo la kukodi, mama," Madam akamwambia. "Tutalipunguza hapa na pale."

"Hapana. La kukodi sitaki." Akashusha sauti. "Madam, mimi toka nizaliwe navaa nguo ya mtu. Kwanza ya dadangu. Halafu mitumba. Hata harusi yangu nilivaa ya kuazima, ilikuwa inanibana hapa kwapa, nikasema nakubali na kwapa inaniuma. Hii moja nataka ikatwe juu yangu. Ikatwe yangu peke yangu."

Pale chini ya meza moyo uliniuma. Mimi niliyewakatia wanawake wa nchi mbili, sikuwahi kumkatia huyu aliyenizalia mke. Na nikatambua vilevile kwamba mkono pekee wa kukata katika duka lile ulikuwa huu wangu ambao haukuruhusiwa kumkaribia.

"Basi aingie apimwe," Madam akaniambia baada ya mama kuondoka.

"Na nani?"

"Na wewe."

"Madam, nikimgusa kwa futi, itabidi wazee waitwe na kondoo achinjwe."

"Na usipomgusa, kanuni yangu?"

Tukakubaliana kwamba mke wangu, Ajiambo, atampima mama yake kwao nyumbani na kuniletea vipimo. Nikamfundisha kwa njia ya zamani, ya kamba za katani: kamba ya fundo moja ni bega, mafundo mawili ni kifua, matatu kiuno, manne ni urefu toka kiunoni hadi chini. Ajiambo akaenda Budalang'i, akarudi na kamba nne zimefungwa ndani ya leso. Nikazilaza juu ya futi. Nikashangaa. Mama mkwe alikuwa na kiuno cha msichana wa kwaya, na alikuwa mrefu kunishinda mimi.

"Una hakika?" nikamuuliza mke wangu.

"Mama alikataa nimpime. Alisema atajipima mwenyewe, ana aibu. Amenipa zikiwa tayari."

Madam naye alizitazama zile kamba akakunja uso. "Fundi, yule mama niliyemwona mlangoni mbona alikuwa amejaza mlango?"

Hapa ndipo elimu ilipoingia kunisaidia, kwa bahati mbaya. "Madam," nikasema kwa fahari yote ya Funyula, "macho hudanganya. Kamba haidanganyi."

Nilikata gauni lile kama sijawahi kukata. Kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, pete saba za plastiki ya malori, bitana ya pamba, marinda yaliyopangwa moja moja kuzunguka kiuno. Nilipolivalisha sanamu, wasichana wa pasi waliacha pasi ikaunguza shuka. Umbo la tatu la ukutani lilikuwa limesimama Busia, na mimi ndiye niliyelisimamisha. Nililala usingizi wa mwenye haki.

Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi, mama mkwe alikuja kujaribu. Mimi niliwekwa upande mmoja wa pazia zito, nimekaa kwenye kiti nikitazama ukuta kwa usalama zaidi. Upande wa pili alikuwepo yeye na Ajiambo. Madam alisimama katikati, penye mwanya. Nikasikia kitambaa kikisugua. Nikasikia pete zikigongana. Halafu sauti ya mama mkwe kutoka ndani ya kitu: "Ajiambo, nitoe. Nakufa."

Kichwa kilikuwa kimepita. Mabega yalikuwa yamekataa. Baada ya purukushani akatoka, na nikasikia mke wangu akiuliza polepole, sauti ya mtu anayejua jibu.

"Mama, hizo kamba, ulipima nani?"

Nikasikia pete za gauni zikiwekwa chini.

"Mama?"

"Nilipima Mama Perpetua, jirani."

"Kwa nini?"

"Sasa ningefanyaje?" mama mkwe akalipuka. "Nitume kiuno yangu kwa mkwe? Aishike? Aikunje aweke kwa mfuko atembee nayo soko yote ya Busia? Wewe umeona mkwe gani anabeba kiuno ya mama yake mkwe kwa mfuko!"

Ndugu msomaji, nilicheka nikiwa nimeuma kola ya shati. Lakini kicheko hakikudumu, maana upande wa pili mtu alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Hata hii imekuwa ya mtu mwingine." Alikuwa amefanya hivyo kwa ajili ya heshima yangu mimi. Nilijisikia mnyonge kuliko siku ile ya mtungi.

Nikasema, nikitazama ukuta, "Madam, mwambie mama tunaweza kulitengeneza."

"Mama, fundi anasema tunaweza kulitengeneza."

"Mwambie kitambaa imeisha, nimeiona kwa duka."

"Fundi, mama anasema—"

"Mwambie kitambaa kiko humo humo ndani ya gauni, Madam."

"Mnasikiana!" Madam akapaza sauti. "Mko hatua tatu, mnasikiana, mimi nafanya nini hapa katikati?"

"Mwambie Madam asikasirike," mama mkwe akamwambia Ajiambo. "Sisi hatuwezi kuongea."

Nikaeleza kupitia kwa Madam, na niliwaeleza kama Sista alivyotueleza sisi. Duara linakula kitambaa pande zote. Hata kule Ulaya lilipokua mno wakachoka, wakalaza sehemu ya mbele, wakapeleka kitambaa nyuma, na hapo ndipo umbo la tatu likawa la nne. Na sisi tutafanya vilevile kabla ya Jumamosi. Tutaondoa pete, mbele patalala bapa, kile kitambaa cha mbele kitakachobaki kitaingia ubavuni na kwapani kupanua mwili wa gauni. Kinachosalia chote tutakirundika nyuma juu ya kinundu. Mgongoni tutapasua toka juu hadi kiunoni, tutoboe vishimo pande mbili na kupitisha kamba ya hariri, binti yake aikaze mpaka gauni likubali. Chini tutapunguza urefu. Mama Perpetua ni mlingoti.

Mama mkwe alisikiliza. "Mwambie, nyuma nani ataona?"

Madam akanigeukia. Jibu nililokuwa nalo, kwamba ni mkwe anayeachiwa mgongo, halikufaa mbele ya watu, nikajifanya natafuta chaki.

"Lakini kamba za mgongo hazitoshi," nikaongeza mwishowe. "Madam, mwambie lazima nijue kiuno. Cha kwake."

Pazia halikutikisika. Nje, lori lilikuwa likirudi nyuma na dereva akitukanwa na watu wa bodaboda. Wasichana wa pasi walikuwa wamesimama mlangoni pa chumba cha ndani, na wateja wawili walikuwa benchini. Nilijua namwomba jambo zito kuliko kitambaa. Kama angekataa, ningemwelewa, na angekwenda kwenye harusi ya binti yake na gauni la kukodi.

"Madam, toka hapo katikati," mama mkwe akasema.

Madam akamrushia Ajiambo futi, akatoka.

"Arobaini na sita!" Alisema kama mtu anayejibu jina lake kwenye baraza la chifu. "Kifua, arobaini na nane. Bega, Ajiambo atasema. Na kama kuna mtu hapa ana swali, aulize sasa nikiwa bado hapa!"

Mimi nikaandika kwa chaki ukutani, maana karatasi ilikuwa mbali. Hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wangu aliyoniambia bila mtu katikati.

Tulifanya kazi siku mbili. Nilifumua fahari yangu yote, rinda kwa rinda, na Madam mwenyewe, aliyekuwa hajagusa sindano tangu nimjue, alikaa akitoboa vishimo vya kamba na kunung'unika kwamba kwao Voi mkwe ni mtu kama watu wengine.

Jumamosi nilikaa kiti cha mwisho kanisani, kama inavyonipasa. Mama mkwe alipoingia niliinama kufunga kamba ya kiatu, ingawa nilikuwa nimevaa viatu visivyo na kamba. Nilimsikia akipita. Hakuweza kuketi vizuri kwa ajili ya kile kinundu. Alikaa upande mmoja wa benchi, na kinundu kikachukua nafasi ya shangazi wawili, waliosimama ibada nzima wakikitazama kwa wivu.

Baada ya ibada watu walimwagika uani kupiga picha. Mimi nilijitenga karibu na tangi la maji. Mama mkwe akatokea kwenye kona ya kanisa, akaniona, na nikajiandaa kupotea kama kawaida. Lakini yeye alinitangulia. Aligeuka, akanipa mgongo. Kwa desturi angeendelea kutembea. Hakutembea. Alisimama pale pale juani, amenyooka, ametazama upande wa barabara, na hakusogea.

Basi nikatazama. Niliona kamba ya hariri imekazwa sawasawa toka mabegani hadi kiunoni, haikuvuta popote. Niliona kitambaa cha zambarau kikiinuka juu ya kinundu na kuanguka kwa mikunjo mpaka kwenye nyasi, na kila mkunjo niliujua kwa jina. Kwapani hapakuwa na kunyanzi hata moja. Nilitazama mpaka nikaridhika, na nadhani yeye alijua saa niliporidhika, maana ndipo alipolivuta gauni kidogo na kwenda zake kwa wenzake.

Jioni Ajiambo aliniletea salamu. "Mama anasema nguo imemkaa."

Nimestaafu sasa. Macho hayapitishi uzi tena, na Madam alishafunga duka akarudi kwao. Vijana hunitembelea, hasa wale wanaosoma ubunifu wa mavazi vyuoni, wakitaka niwaambie katika maumbo yale matano lipi lilikuwa zuri zaidi. Huwaambia hilo ni swali la mtu asiyewahi kusimama mbele ya mteja. Mimi nimeona wanawake wembamba wakipendeza katika gauni la Mjamzito, na wanene katika kengele. Uzuri sijui unakokaa. Najua tu kwamba mtu akiwa ndani ya nguo iliyokatwa juu yake, husimama tofauti, na hilo utaliona hata ukiwa umbali wa tangi la maji.

Mwezi uliopita binti yetu Taaka, ambaye anaolewa mwisho wa mwaka, alikwenda Budalang'i kumwomba nyanya yake amwazime lile gauni la zambarau. Siku hizi ya zamani ndiyo fasheni. Nyanya alifungua sanduku, akamruhusu aliguse, hata akamwonyesha vishimo vya kamba. Kisha akafunga sanduku na kulikalia. Walizungumza nini baada ya hapo sikuambiwa. Nilichoona ni Taaka kuingia hapa nyumbani jioni ile, vumbi la safari miguuni, hajasalimia wala hajaweka mkoba chini.

"Baba," akasema kwa sauti, mbele ya wageni wangu wote, "kiuno yangu ni thelathini na nane."